Kidonge cha mama: mimba yangu ya tatu na tezi iliyolala

Naanza na chanuo maana ndo kitu cha kwanza kilichonishtua. Mtoto wangu wa pili alikuwa na mwaka na miezi kama minne hivi, asubuhi nachana nywele haraka haraka niwahi kumtoa mkubwa aende shule, nikaangalia chanuo nikaona nywele zimejaa pale kama kifurushi, nikazitoa, nikachana tena zikaja nyingine vile vile. Nikazifinyanga mkononi nikatupa nikaendelea na siku. Nilijiambia ni kunyonyesha. Uchovu nilijiambia ni watoto, kusahau nilijiambia ni kukosa usingizi, na choo kigumu nikasema sinywi maji ya kutosha. Baridi ndo sikuwa na maelezo nayo, wenzangu wamekaa na nguo nyepesi wanajipepea mimi nimejifunika shuka mpaka shingoni, nikasema bas mwili umechoka. Yani kila dalili ilikuwa na sababu yake na kila sababu ilikuwa na mantiki kwa mama mwenye watoto wawili wadogo, na ndo maana huu ugonjwa unajificha vizuri sana kwetu sisi akina mama, kwasababu hakuna mtu anayeshangaa mama akisema amechoka.

Aliyeshangaa ni mwanangu mkubwa, alikuwa na miaka mitano. Nilikuwa namsomea kitabu kitandani akanikatiza akasema mama mbona unaongea kama baba. Nikacheka tukaendelea, ila usiku nikalala nikiisikiliza sauti yangu kichwani, kweli ilikuwa imekuwa nzito, ya kukwaruza, na sikuwa na mafua.

Nilipoenda kupima kwa kweli nilitegemea niambiwe nina upungufu wa damu nipewe vidonge nirudi nyumbani. Daktari alinishika shingo kwa mbele, akaniambia meza mate, nikameza, akaniambia tena, akabonyeza nyama ya mguuni, akaangalia macho yangu yalivyovimba asubuhi hiyo, akaandika kipimo kinaitwa TSH. Jibu lilikuja 38. Mimi sikujua 38 ni nini. Akanieleza kwamba tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo chini kidogo ya kongomeo yenye umbo kama kipepeo, ndo inatengeneza homoni zinazoendesha kasi ya mwili mzima, moyo, joto, utumbo, akili, ngozi, kila kitu. Alafu kuna tezi nyingine ndogo chini ya ubongo inaitwa pituitari, hiyo kazi yake ni kuiamrisha thairoidi kwa kutuma TSH. Thairoidi ikiwa imelala pituitari inaongeza TSH. Nilimuelewa pale pale maana ndo ninavyofanya nyumbani, namuita mtoto mara ya kwanza polepole, asipoitika napaza sauti, asipoitika tena napiga kelele. TSH ya 38 ni ubongo wangu ulikuwa unapiga kelele muda mrefu na tezi haiitiki.

Akapima na kingamwili zikakutwa juu, akasema ni ile aina inayoitwa Hashimoto, jina la daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliyeuelezea ugonjwa huu mwaka 1912, kinga ya mwili wako mwenyewe inaishambulia tezi taratibu mpaka inachoka. Akaniuliza kwenu kuna mtu ana tatizo la tezi? Nikasema hapana. Nilisema kwa uhakika kabisa.

Jioni nikampigia mama nikamwambia. Akanyamaza kidogo alafu akasema, "Mwanangu, hicho kidonge ninachomeza mimi asubuhi ndo hicho hicho." Nikamwambia mama, si ulisema ni cha presha? Akasema sikuwahi kusema ni cha presha, nyie ndo mlisema, mimi nikawaacha. Miaka mingi mama yangu alikuwa anameza kidonge kidogo cheupe kabla hata hatujaamka na hakuna mtoto wake hata mmoja aliyejua ni cha nini. Hakuwa anaficha kwa ubaya, aliona tu kwamba magonjwa ya mama sio habari ya kuwabebesha watoto. Sikumlaumu na sijamlaumu mpaka leo, ila nilikaa nikafikiria ile miaka yote miwili niliyokuwa najiona mvivu, na kwamba ningejua tu ningepima mapema.

Nikaanzishiwa levothairoksini, mikrogramu 75, ni homoni ile ile ya T4 ambayo tezi ingetengeneza yenyewe. Haikuwa kama kuwasha taa, ilichukua wiki kadhaa, ila siku moja nikajikuta nimepanda ngazi huku nimembeba mtoto na sikusimama katikati kupumzika, nikafika juu ndo nikagundua. Nililia pale juu ya ngazi. Mume wangu alidhani nimepata habari mbaya.

Sasa mimba ya tatu.

Niligundua wiki ya tano. Na kosa langu la kwanza nililifanya siku hiyo hiyo, naliandika hapa wazi maana najua siko peke yangu. Niliacha dawa. Wifi yangu ambaye ananipenda na mimi nampenda aliniambia mjamzito hatakiwi kumeza midawa ovyo hasa miezi mitatu ya mwanzo, subiri kwanza uende kliniki, na mimi nikaona lina mantiki, nikafunga kopo nikaliweka juu ya kabati. Siku tisa. Na kibaya zaidi ni kwamba sikusikia tofauti yoyote, nilikuwa naamka vizuri tu nikasema ona, kumbe ata siihitaji. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba T4 inakaa mwilini muda mrefu, nusu yake inachukua kama wiki nzima kutoka, kwahiyo ukiacha leo mwili hauonyeshi kesho. Unakula akiba bila kujua.

Kuna kitu natamani ningekijua siku ile ile nilipoona mistari miwili kwenye kipimo. Kwa wiki zile za mwanzo mtoto hana tezi inayofanya kazi. Tezi yake inaanza kutengeneza homoni kuanzia kama wiki ya 12 na inakuja kufanya kazi vizuri karibu na katikati ya mimba, kabla ya hapo homoni anayoitegemea kukuza ubongo inatoka kwa mama tu. Na mwili wa mama nao mahitaji yake yanapanda, wengi wanahitaji dozi kubwa zaidi kwa asilimia 25 mpaka 50 kuliko kabla ya mimba, na kupanda kwenyewe kunaanza mapema, wiki ya nne mpaka ya sita, wakati wengine ata hawajajua kama wana mimba. Mwanamke mwenye tezi nzima tezi yake inaongeza yenyewe bila yeye kujua. Sisi wa tezi iliyochoka hatuna cha kuongeza, kinachoongezeka ni kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya dawa. Kwahiyo wakati mwili wangu unataka zaidi mimi nilikuwa nimeupa sifuri.

Madaktari wengi wana utaratibu wanaowaambia wagonjwa wao mapema kabisa kabla hata ya mimba, kwamba ukiona tu siku zako zimepita na kipimo kimesoma, ongeza vidonge 2 kwa wiki, yani 9 badala ya 7, alafu wahi kupima damu. Mimi sikuwa nimeambiwa na sikuwa nimeuliza. Kama una tatizo hili na unafikiria kuzaa muulize daktari wako hili swali sasa hivi ukiwa huna mimba, akupe maelekezo yako wewe, maana siku ya mistari miwili kichwa kinakuwa kimejaa mambo mengine.

Nilirudia dawa baada ya hizo siku tisa kwasababu mama alinipigia. Aliniuliza salamu, akauliza watoto, alafu akauliza na kidonge unameza? Nikamwambia nimeacha kidogo. Sijawahi kumsikia mama yangu akinipandishia sauti hivo tangu nimekuwa mtu mzima. Akasema, "Mimi wewe nimekubeba tumboni nikiwa nakimeza, kila siku, nenda kakichukue sasa hivi nasubiri kwenye simu." Nikapanda kwenye kiti nikachukua kopo juu ya kabati na yeye yuko hewani.

Kosa la pili lilikuwa la nia njema kabisa. Kliniki nikapewa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, na vingine vyenye kalsiamu, nikasema sasa mimi nitakuwa mjamzito mwenye mpangilio, nikanunua kile kiboksi chenye vyumba saba, Jumatatu mpaka Jumapili, kila Jumapili jioni najaza, kila chumba vidonge vyote vya siku pamoja, asubuhi nameza vyote kwa mpigo na kikombe cha maziwa alafu naanza shughuli za watoto. Nilikuwa najisikia vizuri kweli kuangalia kile kiboksi.

Wiki ya tisa TSH yangu ilikuwa 9.8. Lengo ambalo daktari alikuwa amenipa kwa mjamzito anayetumia dawa ni chini ya 2.5. Akaongeza dozi kutoka 75 kwenda 100, akasema tupime baada ya wiki nne, nikapima, ikawa 9.1. Yani dozi imepanda theluthi nzima na namba imegoma. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti nashika tumbo ambalo hata lilikuwa halijaonekana vizuri, nikasema dokta mimi nameza kila siku, sijaruka hata siku moja. Akaniamini. Hilo nalishukuru sana, angeweza kunitazama kama muongo. Akasema, "Mama, nieleze asubuhi yako. Anza unavyofungua macho."

Nikamueleza. Nilipofika kwenye kiboksi akanisimamisha, akaniuliza vyote kwa pamoja? Nikasema ndio. Na maziwa? Ndio. Akachukua kalamu akachora duara mbili kwenye karatasi, moja akaandika T4 na nyingine akaandika chuma, alafu akazizungushia duara moja kubwa, akasema zikikutana tumboni zinashikana hivi, zinatoka zote bila kuingia kwenye damu. Kalsiamu hivo hivo. Maziwa yana kalsiamu. Kwahiyo ulikuwa unameza kidonge alafu unakizuia mwenyewe mlangoni.

Maelekezo yake yalikuwa mafupi. Kidonge cha tezi peke yake, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, usile wala kunywa kahawa mpaka ipite nusu saa na ikiwezekana saa nzima. Chuma na kalsiamu angalau masaa manne mbali nacho, ikabidi nihamishie baada ya chakula cha mchana. Ni hayo tu, dozi akaipandisha kidogo tena mpaka 125 kwasababu muda ulikuwa unakwenda, na akasema wiki nne zijazo turudi.

Kusema ni rahisi. Saa nzima ya tumbo tupu asubuhi kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka saba na wa miaka mitatu, hiyo saa haipo. Nilijaribu siku mbili tatu kuamka mapema zaidi nikashindwa, maana nilikuwa nalala kama gogo na kichefuchefu kilikuwa kinanianza nikishakaa wima na nisipotia kitu mdomoni haraka natapika. Siku moja nimemeza, kabla nusu saa haijafika mdogo kamwaga kikombe, mkubwa kapoteza kiatu kimoja, mimi tumbo linageuka, nikala kipande cha mkate nimesimama alafu nikakaa sakafuni nikasema nimeshaharibu tena.

Suluhisho lilitoka kwenye kero nyingine. Mjamzito anaamka usiku kukojoa, wote tunajua, na mimi nilikuwa naamka kila siku karibu na saa kumi alfajiri bila kukosa. Mume wangu ndo aliona. Akasema si unaamka hiyo saa kila siku, tumbo tupu, watoto wamelala, kwanini kisiwe hapo. Tukaweka kopo na glasi ya maji kwenye meza ya kitanda. Narudi kutoka chooni, nakaa ukingoni mwa kitanda gizani, nameza, nalala tena. Asubuhi watoto wakiamka saa imeshapita zamani, nakula kitu mdomoni haraka nikitaka na hakiharibu chochote.

Kazi ya kujaza ile glasi akaichukua mkubwa wangu. Hatukumpa, aliichukua mwenyewe. Aliniona natoka jikoni na glasi usiku akauliza ni ya nini, na hapo nikasimama. Nikakumbuka mama na kidonge chake cha "presha". Nikakaa naye kwenye kochi nikamuonyesha shingo yangu kwenye kioo cha simu, nikamwambia hapa ndani kuna kitu kama kipepeo, cha mama kimechoka, kwahiyo mama anakisaidia kwa kidonge, na sasa hivi kinatakiwa kufanya kazi ya watu wawili. Akashika shingo yake. Akauliza cha kwangu kimechoka? Nikamwambia hapana, cha kwako kinaruka vizuri. Kuanzia siku hiyo kila usiku kabla hajalala anajaza glasi, anaifunika na kisosi mdudu asiingie, anaiweka pale pale, na asubuhi anakuja kuangalia kama imepungua. Ikiwa imepungua anaweka alama kwenye kalenda. Siku moja niliamka nikalala tena bila kumeza, asubuhi akasimama mlangoni ameshika glasi imejaa, akasema, "Mama, maji yako hapa hapa."

Nikiwa na mimba ya wiki 17, TSH 3.4. Wiki ya 21, 1.9. Hii namba nimeiandika nyuma ya kadi yangu ya kliniki kwa kalamu ya mtoto, ya rangi ya kijani, maana ndo iliyokuwa karibu.

Katikati ya hizo wiki kulikuwa na usiku mbaya. Nilikuwa nasoma kila kitu kwenye simu, kwamba tezi ikiwa chini sana na isipotibiwa inaongeza hatari ya mimba kutoka, ya presha ya mimba, ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo, na ya maendeleo ya akili yake, na mimi nahesabu siku tisa, nahesabu wiki za kiboksi, nahesabu wiki ambazo alikuwa ananitegemea mimi tu. Nilimpeleka daktari karatasi nzima ya maswali. Hakuniambia usijali, na hakuniambia nimemuharibu mtoto. Aliniambia hatari kubwa tunaiona zaidi kwa walio chini sana muda mrefu bila dawa, wewe ulikuwa na dawa japo haikutosha, kilichopita hatuwezi kukirudisha ila kilichobaki kiko mikononi mwetu, na kipimo cha kujua unafanya vizuri sio hofu yako, ni TSH kila wiki nne mpaka nusu ya mimba, alafu nyingine karibu na wiki ya 30. Nilipata nafuu kwasababu alinipa kitu cha kufanya.

Nikamuuliza na iodini, maana nilikuwa nimesikia ndo chakula cha tezi. Akasema mjamzito anahitaji mikrogramu 250 kwa siku, chumvi yenye iodini na vitamini za wajawazito zinasaidia, ila usikimbilie vidonge vyenye dozi kubwa ya iodini au vya mwani ukidhani unaisaidia tezi, ikizidi nayo inadhuru, hasa yenye Hashimoto. Na vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini niache siku mbili kabla ya kupima maana vinaweza kudanganya majibu. Nilikuwa navyo kabatini, vile vya zamani za chanuo.

Uchovu sasa. Hata namba zikiwa nzuri kuna uchovu wa mimba wenyewe, na hapa ndo nyumba yetu ilibadilika zaidi. Mwanzoni nilikuwa namwambia mume wangu "nimechoka" na yeye anasema pole, alafu maisha yanaendelea. Hakuwa mtu mbaya, neno lenyewe lilikuwa limechakaa, nilikuwa nimelisema miaka yote. Tukakubaliana niache kusema nimechoka niseme kitu chenyewe, leo siwezi kuinama kuogesha, leo nahitaji kulala saa nane mpaka saa tisa, leo chakula kitoke kwako. Akaanza kuogesha watoto kila jioni. Mdogo alilia wiki nzima anataka mama, mimi nimelala chumba cha pili nasikia, na ilikuwa ngumu kuliko kuogesha. Wiki ya pili nikawasikia wanaimba bafuni. Vitu vingine tuliviacha tu, nguo zikakaa kwenye beseni bila kukunjwa na watu wakavaa kutoka beseni.

Nilijifungua wiki ya 39 na siku mbili, mtoto wa kike, kilo 3.1. Kuhusu uchungu sina la ajabu la kusema, ulikuwa uchungu. Ninachokumbuka ni siku ya tatu, nesi akamshika kisigino akamchoma akadondosha matone ya damu kwenye karatasi yenye viduara, kipimo cha kuangalia kama mtoto amezaliwa na tezi isiyofanya kazi. Akajaza viduara vyote, mtoto analia, mimi nalia, nesi akasema mama tulia, hiki ndo kile kipimo ambacho ukikuta tatizo mapema unalitibu na mtoto anakua vizuri. Majibu yalikuja mazuri. Kama unapojifungulia wanafanya hicho kipimo usikikwepe kwa huruma ya kisigino, na kama hawakisemi, uliza.

Dozi yangu ilirudishwa 75 baada tu ya kujifungua, wakasema mahitaji yanashuka mara moja kwahiyo usiendelee na ile ya mimba, pima wiki ya sita. Kunyonyesha niliendelea na dawa kama kawaida, haina shida kwa mtoto, na nikimeza alfajiri ndo muda ananyonya, tunaamka pamoja.

Wiki ya sita nilikuwa nalia kila siku. Nilikuwa na uhakika ni tezi, nilienda kupima nikiwa nimeshaandaa kichwani kwamba dozi itapandishwa na ntakuwa sawa. TSH ikaja 2.2. Nzuri kabisa. Nilikaa na ile karatasi nikahisi kama nimenyang'anywa kitu, maana sasa sina cha kusingizia. Daktari akasema sio kila kitu ni tezi, hii ni huzuni ya baada ya kujifungua na nayo ina matibabu yake, akanielekeza kwa mtu wa kuongea naye na nikaenda, miezi minne. Na akaniambia bado tusilale, wenye kingamwili kama zangu tezi inaweza kuchafuka ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kuzaa, kwanza inatoa homoni nyingi, moyo unakimbia, mikono inatetemeka, jasho, alafu inashuka chini. Kwahiyo tukapima tena mwezi wa tatu na wa sita. Yangu ilitulia. Ila najua sasa kutofautisha, huzuni ilikuwa inakuja na mawazo, tezi ilikuwa inakuja na baridi.

Mama alikuja kumuona mjukuu akakaa na sisi mwezi mzima. Usiku wa kwanza mkubwa wangu akaja na glasi yangu, akaifunika na kisosi, alafu akatoka akarudi na glasi ya pili akaiweka upande wa bibi yake. Sikuwa nimemwambia. Mama akaiangalia, akaniangalia, akasema, "Na mimi mmeshaniandika kwenye kalenda?" Wameandikwa wote wawili, mama kwa kijani, bibi kwa nyekundu.

Juzi wakati anafunika glasi akaniuliza, mama na mimi nikiwa mkubwa ntameza? Ana miaka minane sasa. Nikamwambia labda ndio, labda hapana, inatembea kwenye ukoo hii lakini haimchukui kila mtu, tutakuwa tunapima. Akasema na kachanga? Nikamwambia na kachanga. Akafikiria kidogo, akasema bas itabidi tununue kalenda kubwa, akaenda kulala.